Gari Lililofukizwa Uthiru

Jumatatu, 4 Agosti

Mama mkwe amefika kutoka Mombasa. Bi Mgeni mwenyewe, na mabegi yake yote, kwa harusi ya mjukuu wake Aqil Jumapili hii. Nani kampokea? Naeem, mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Kwa nini Naeem? Kwa sababu ana gari. Mimi nina duka la mapazia katikati ya jiji la Nairobi, nina jina zuri msikitini, na wageni nawakaribisha kama anavyostahili mtu kukaribishwa. Gari tu ndilo sina.

Chai ilinywewa kwangu, Woodley. Mandazi ya mke wangu Nadira, majani yangu, sukari yangu. Lakini ilikuwa mwanangu Naeem sogeza mto, mwanangu Naeem nipe maji. Mimi nikaitwa "mume wa Nadira". Miaka yote hii ya ndoa bado ni mume wa Nadira, kama fundi aliyekuja kutazama bomba. Kisha akatangaza kwamba Jumapili atakwenda ukumbini na Naeem, maana anataka kushuka mbele ya watu kwa heshima.

Iliniuma. Nataka mama huyu afike harusini kwa gari langu, na aniite mwanangu mbele ya ukoo mzima. Sina haja nyingine duniani wiki hii.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata njia. Hata sijui kwa nini watu hununua magari.

Westlands kuna duka la magari lililotundika bango: toleo jipya la gari dogo la familia, njoo ulijaribu bure. Nimevaa kanzu ya Idi na miwani ya jua, nikaingia nikiuliza kama wanalo la rangi ya maziwa. Muuzaji ni msichana anaitwa Janice. Kaniita boss. Limenikaa vizuri sana hilo jina.

Tatizo: gari halitoki bila Janice. Tena njia ni moja tu, Waiyaki Way mpaka Uthiru na kurudi. Woodley hapana. Nimembembeleza. Akasema, "Boss, hiyo ni rule ya manager, mimi sina say."

Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nimeamua hivi: kama gari haliwezi kumfuata mama mkwe, mama mkwe atalifuata gari.

Jumatano, 6 Agosti

Tangu afike, Bi Mgeni analalamika kwamba kuku wa Nairobi wana ladha ya karatasi. Nimemweleza kwa unyenyekevu kwamba Uthiru yuko mteja wangu wa mapazia, aitwaye Wangu, anayefuga kuku wa kienyeji. Kesho Nadira atampeleka kwa teksi. Mimi nitawapitia nikitoka kazini.

Nadira akauliza nitawapitia na nini. Nikamwambia asubiri aone. Akasema kila nikimwambia hivyo kichwa humwuma. Watu hawapendi maendeleo.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku kubwa. Nimeendesha!

Kiti kinapanda chenyewe. Ukirudi nyuma unaona kila kitu kwenye skrini, hata paka. Paa ni la kioo. Nilishusha vioo Westlands nzima ili watu wanione, ingawa baridi ilikuwa ya kukata masikio na Janice alikuwa akitetemeka. Nimezaliwa kuendesha gari hili. Lilinijua.

Kwenye foleni ya Kangemi likazima. Nikawasha taa za dharura, nikashuka, nikamwita mwenye mkokoteni anisaidie kusukuma. Ameshainamisha kichwa, ndipo Janice ananieleza kwamba toleo hili hujizima lenyewe likisimama, kuokoa mafuta. Nikamjibu kwamba najua, nilikuwa napima uzito.

Uthiru. Bi Mgeni kasimama langoni kwa Wangu, kuku wawili mkononi wamefungwa miguu. Akanitazama, akalitazama gari, akanitazama tena. Akauliza ni la nani. Nikasema, "Mama, ndiyo kwanza natoka nalo dukani." Kila neno hapo ni la kweli.

Nilitaka apande tu, aone kioo cha paa, basi. Nilisahau huyu ni mtu wa wapi. Kwao gari jipya haliendi popote kabla ya kufukizwa na kusomewa dua. Udi anao mkobani siku zote. Akamwomba Wangu makaa. Wangu, ambaye alikuwa akichoma mahindi, akamjazia mkebe mkuukuu wa rangi bila kuuliza, kwa adabu.

Janice akauliza hii ni nini tena. Nikamnong'oneza kwamba kwetu gari likishafukizwa huwa limeshanunuliwa. Akasogea kando kumpigia meneja wake. Nikamsikia akisema, "Hii imeisha, mkubwa. Hii ni sold." Akarudi, akamfungulia mama mkwe mlango kwa mikono miwili.

Bi Mgeni akaingia nyuma na mkebe wake, akafunga milango na vioo vyote. Moshi ukajaa mpaka hatukumwona tena, tukawa twasikia dua tu. Mwishoni akapaza sauti: Mola amlinde mwanangu Twahir na gari lake. Mwanangu Twahir. Nikaitikia amin. Machozi yalinitoka, na hata sikuwa karibu na moshi.

Mkebe uliacha duara jeusi kwenye zulia la nyuma. Kuku walisafiri nasi mpaka Westlands. Huko nikawapakia Nadira na mama yake kwenye teksi, nikieleza kwamba gari linarudi kufungwa namba.

Ijumaa, 8 Agosti

Janice amepiga simu tangu asubuhi. Mchana nikapokea, nikamwambia mama bado anafikiria rangi. Kisha akasema gari lote linanuka harusi, zulia limeungua, meneja amewaka, na sasa litauzwa kwa bei ya kutupa kwa yeyote atakayeingia mlangoni. Nimemtakia heri.

Nyumbani ni furaha tupu. Bi Mgeni ameshawapigia jamaa wote simu, mpaka Lamu. Jumapili atapanda gari la mwanangu Twahir, hapandi jingine. Naeem aliacha kikombe nusu na kuondoka mapema. Naona nimeshinda.

Limebaki jambo dogo tu, la gari.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeugua kwa makusudi. Bi Mgeni amesema nikiumwa, basi na yeye haendi harusini. Nimepona.

Jumapili, 10 Agosti

Honi nje asubuhi. Naeem, ndani ya lile gari. Lile lile! Alikwenda duka lile lile Ijumaa jioni kutafuta la kunishinda, wakampa lililokuwepo. Janice kamsimulia kila kitu.

Alikuja kuniumbua. Jamaa walikuwa wamejaa kibarazani, wamevaa, wamejipaka manukato. Akamwambia Bi Mgeni kwamba gari ni lake yeye, na kwamba mimi sina hata gurudumu. Ukoo mzima ukanigeukia. Nilijiona nikiwa mume wa Nadira mpaka kaburini.

Bi Mgeni akafungua mlango wa nyuma, akavuta pumzi. Akainama, akaona zulia. Akamwambia Naeem taratibu kwamba udi huu ni wake, alama hii ni yake, na dua aliisoma kwa jina la Twahir, kwa hiyo Naeem atalijuaje gari hili kuliko yeye aliyelifukiza? Naeem akatoa karatasi za gari. Mama akasema hakuja na miwani. Akaongeza, "Wivu haukupendezi, baba. Washa gari twende."

Nadira akanitazama. Alikuwa ananisubiri niseme ukweli, na nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Niliiacha ipite. Nikakaa mbele, kando ya Naeem, nikamwambia apunguze mwendo kwenye matuta.

Ukumbini mama mkwe alishuka mbele ya watu wote, akanishika mkono. Akawaambia huyu ni mwanangu Twahir, na yule ni Naeem, siku hizi anamwendeshea. Sijawahi kusimama wima hivi maishani mwangu. Naeem hakula hata pilau. Nimemsamehe.

Jumatatu, 11 Agosti

Bi Mgeni amekataa kurudi kwa treni. Anataka kufikishwa Mombasa kwa gari la mwanawe, Alhamisi, na dada zake watakuwa barazani wakisubiri kuliona. Nikamwambia, mama, hilo si la kuuliza.

Nadira amenikumbusha kwamba Naeem hatanipa hata ufunguo wa kabati. Hana maono, mke wangu. Nimeshapigia simu duka jingine la magari, Ngong Road. Wana toleo jipya la viti saba, kubwa kuliko la Naeem. Nimeuliza kama njia ya majaribio inaweza kurefushwa kidogo. Wakauliza mpaka wapi.

Nikasema tuanze na Mtito Andei, nusu ya njia ya Mombasa.