Filimbi ya Maafa

Jumatatu, 16 Septemba 1974
Nimeteuliwa! Katibu wa Kamati ya Maafa ya kijiji. Mkoa umeagiza kila kijiji kiwe nayo. Mvua zilikatika mapema mwaka huu, na mahindi ya ghala la kijiji ndiyo tegemeo letu mpaka mavuno. Mzee Ngollo, mrina asali, aliitamani sana nafasi hii. Ameambulia ujumbe wa kawaida tu katika kamati. Nimempa pole mbele za watu.

Jumanne ya wiki ijayo wageni wa Mkoa wanakuja kuona zoezi la moto. Wakipendezwa, sioni kwa nini nisihamishiwe Tabora mjini. Mimi na mke wangu Veneranda, nyumba ya bati, mtaa wa Chemchem!

Jumatano, 18 Septemba
Nimepiga marufuku mwano. Yowe lile la mababu: mtu mmoja anapaza sauti, kijiji kizima kinakuja mbio na mashoka. Vurugu tupu. Utaratibu mpya: atakayeona janga amwarifu balozi wake wa nyumba kumi, balozi amwarifu mwenyekiti, mwenyekiti aniarifu mimi, nami nipulize filimbi. Atakayepiga mwano atang'oa visiki shamba la kijiji.

Mzee Ngollo akauliza kama moto nao umeshaelezwa utaratibu huo. Watu wakacheka. Huyu mzee hana nidhamu.

Jumamosi, 21 Septemba
Zoezi la majaribio. Balaa! Mama Marcelina niliyemteua kuwa majeruhi alilala chini akasinzia kweli. Wabeba machela wakamsahau, wakaenda kunywa togwa. Nimekaripia mpaka koo limekauka. Veneranda akataka kujua ndoo za maji ziko wapi. Nikamwambia ndoo baadaye, kwanza uratibu.

Jumatatu, 23 Septemba
Nyasi kavu zimefika kiunoni kuzunguka ghala. Wageni watatuonaje? Nimeagiza zichomwe kesho asubuhi, pawe safi. Mzee Ngollo anasema upepo wa msimu huu si wa kuchezea. Wivu.

Jumanne, 24 Septemba
Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda stesheni ya Kigwa kupokea wageni, filimbi mfukoni. Treni ikachelewa. Huku nyuma upepo ukageuka, moto wa nyasi ukashika paa la ghala. Wa kwanza kuuona ni Mama Marcelina. Akafuata utaratibu, maskini! Akaenda kwa balozi Limbu, akamwamkia, wakajuliana hali za watoto wote, ndipo akasema. Limbu akatafuta koti lake, akalivaa, akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akasema bila katibu hakuna filimbi. Wakakaa kunisubiri.

Tulipokaribia kijiji kwa trekta, kiongozi wa wageni akasifu sana, moshi wa zoezi mbona kama wa kweli. Kichwa kikanivimba. Nilidhani Limbu kawasha majani ili kunipendezesha! Nikapuliza filimbi kwa nguvu zote. Majeruhi wakajilaza. Machela zikaja mbio. Wageni wakapiga makofi. Kisha paa likaporomoka, na harufu ya mahindi yanayoungua ikanifikia. Mungu wangu. Chakula chetu.

Mzee Ngollo akapiga mwano. Hata majeruhi waliinuka. Watu wakazoa mchanga kwa vikapu, kwa kanga, kwa mikono mitupu. Wameokoa nusu. Nusu, na mavuno bado mbali! Nimelia nyuma ya shule.

Ijumaa, 27 Septemba
Wageni wameondoka na Mzee Ngollo, akafundishe vijiji vingine. Nasikia amepewa nyumba. Chemchem. Ya bati.

Hapa hakuna anayeitikia salamu yangu. Ugali unanuka moshi, na kuanzia jana tunakula mara moja tu kwa siku. Watoto wetu wameomba kuongezwa. Hakukuwa na cha kuongeza. Nilishindwa kuwatazama usoni.

Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Nimeligundua! Mwano haukuwekewa utaratibu. Sasa nimeuwekea: mwano unaruhusiwa, mradi anayetaka kuupiga aombe kibali kwa katibu siku tatu kabla ya janga.

Nimemsomea Veneranda wakati wa kula. Amechukua sahani yangu, akawagawia watoto.