Boriti Inayopumua Katika Banda la Kijani

Ndugu Mhandisi Mkuu,

Pole na majukumu. Mimi ni mfyeka nyasi wa bustani ya umma, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ninakuandikia kwa heshima kuhusu Banda la Kijani, lile jengo rafiki wa mazingira mlilotujengea.

1. Ili jengo lipate nafasi ya kuyapenda mazingira, mlikata miti kumi na minne. Waliokuwa wakipumzika chini yake sasa wanasimama juani, wakisoma bango la faida za miti.

2. Nyasi mmezipanda juu ya paa. Sikatai. Ila nilipewa fyekeo, sikupewa ngazi. Napandia mabega ya mlinzi, naye anaumwa mgongo.

3. Mvua ikinyesha, udongo wa paa hunywa maji ukashiba, na boriti ya kati, ya mianzi, ikapinda. Nimeipima kwa uzi: vidole vinne. Nikamwita mhandisi wenu kijana, tunayemwita Bwana Endelevu. Akatazama juu, akasema, "Mzee, mianzi ni kitu hai. Hapo inapumua." Nikamwambia, "Mwanangu, hii ilivuta pumzi Jumatatu, na leo Ijumaa haijaitoa." Akaandika daftarini kwamba jamii imeelimishwa.

4. Penye kiungo pametokea ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninyi mmeupaka rangi ya kijani.

5. Kila asubuhi mwalimu wa chekechea huleta watoto thelathini kukaa humo, maana kivuli kingine hakuna. Juzi niliegemeza gogo chini ya boriti. Bwana Endelevu akaliondoa, eti linaharibu picha.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya: gogo lirudishwe, au mvua ipigwe marufuku ndani ya bustani, au ofisi yako, pamoja na meza yako, ihamie chini ya boriti hiyo, mpumue pamoja.

Wasalimie wote hapo, hasa karani wa mapokezi aliyeniambia mara tatu kwamba umetoka kidogo.

Wako mtiifu,
Mfyeka Nyasi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, nimeletewa barua. Nimeteuliwa Msimamizi wa Banda, nina kiti cha kuzunguka na chumba upande wa pili wa bustani. Nimeitazama boriti upya. Imenyooka, yaliyopinda ni macho yangu. Mjukuu wangu, aliyekuwa chekechea ile, nimemhamishia shule nyingine.