Nafasi ya Heshima Kwenye Karamu ya Mazimwi

Jumatatu, 4 Oktoba

Nimechoka. Kuwa zimwi aliyejificha hapa mjini Naryn ni kazi ya kutwa. Kutwa naficha pembe kwenye kofia, kutwa nainama milangoni, halafu mwenye ghala la viazi ananiambia eti nisibebe magunia matano kwa mkono mmoja, nawatisha wateja.

Bibi Burulkan anazidi kupungua. Sisi tukiishi mbali na wenzetu tunanywea. Zamani alichungulia juu ya paa. Leo ameketi kwenye kigoda cha jikoni na miguu haigusi chini. Baridi ikiingia atakuwa saizi ya birika. Baada ya hapo, hakuna Bibi. Dawa ni moja: mazimwi, maperi wenye mabawa na wanawake wa kucha za shaba wale tena pamoja. Walitawanyika tangu harusi moja ya zamani, wakigombania nani akae mbele.

Nitawakutanisha mimi! Na atakayewakutanisha ndiye watakayemfanya mkubwa wao. Bibi atapona pia.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimemwendea peri Zuurakan, fundi cherehani, mabawa kayakunja chini ya shali. Yeye na Bibi walilelewa kwa maziwa ya farasi mmoja, kwa hiyo ni ndugu. Tangu ile harusi hawasemeshani. Nikamwambia Bibi anamwomba msamaha. Uongo. Nikarudi nikamwambia Bibi kwamba Zuurakan ndiye anayeomba msamaha. Uongo vilevile. Kila mmoja alinuna, halafu akauliza kama nyama itakuwa ya kondoo. Mambo safi!

Kisha Shairkul wa kucha za shaba. Anauza glavu sokoni, na hata kwenye joto la Julai hazivui zake. Kakubali karamu iwe kwake. Akauliza nani atakaa mbele. Nikasema anayestahili. Akacheka, akasema kofia imenibana mpaka akili. Simpendi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mazoezi. Nafasi ya heshima ni ile ya mkabala na mlango, lakini mtu haendi tu akajikalia. Unaombwa, unakataa. Unaombwa tena, unakataa. Mara ya tatu wanakusukuma, unajifanya umeshindwa, unakaa, unaletewa kichwa cha kondoo. Mwenye kichwa ndiye mkubwa.

Nimekataa mbele ya kioo asubuhi nzima. Bibi kauliza nagombana na nani.

Jumamosi, 9 Oktoba

Balaa!

Wamekuja wote. Bibi tulimpandisha kwenye rundo la mito ndipo akaonekana. Shairkul akanikaribisha mbele. Nikaweka mkono kifuani, nikasema mimi ni mtoto tu kwenu.

“Haya, mtoto,” akasema. “Kaa hapo mlangoni utumiminie chai. Si umesema mwenyewe?”

Hakurudia! Hakunisukuma hata kwa kidole!

Basi nikamimina. Nusu bakuli, kama adabu inavyotaka, ili mgeni alirudishe tena na tena. Na maperi wanakunywa kama ngamia. Miguu ikafa ganzi. Nikajisemea, niwajazie mpaka pomoni, nipumzike kidogo.

Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu bakuli lililojaa lina maana moja: kunywa uende zako.

Zuurakan akaliangalia bakuli lake. Akasimama. Maperi wote wakasimama, shali moja ikateleza, bawa likaangusha taa. “Kumbe tumeitwa ili tufukuzwe!” wakafoka. Nikamwona Bibi akinywea palepale, mkono ukipotelea ndani ya mkono wa gauni. Nikaogopa. Kweli niliogopa.

Bibi akashuka kwenye mito. Akachukua bakuli la Zuurakan kwa mikono miwili, akalinywa lote, akakohoa. “Mjukuu wangu ni mvivu, dada,” akasema. “Hana akili ya kumtukana mtu. Na mimi sikukuomba msamaha. Nakuomba sasa.”

Zuurakan akasema hata yeye hakuwa ameomba. Wakanigeukia wote wawili. Kisha wakaangua kilio, wakashikana, wakaenda kubanana pamoja kwenye nafasi ya heshima, nafasi yangu. Kichwa wakagawana. Mimi nikapewa sikio, ambalo hupewa watoto.

Jumatatu, 11 Oktoba

Bibi ametoboa dari kwa kichwa. Anacheka ovyo. Sasa wanakunywa chai uani na Zuurakan na Shairkul, maana ndani haingii. Kaniita: “Njoo ukae nasi, mjukuu wangu, hata usipomimina.” Nikamjibu nina shughuli.

Na kweli ninayo. Nimekumbuka kwamba watu wa maji wa Ziwa Son-Kul hawakualikwa. Nitaenda kuwaambia wamedharauliwa. Wakishakasirika vizuri, nitawapatanisha na hawa. Safari hii sikatai hata mara moja.

Bibi kaita tena. Anasema eti na mimi nimeanza kupungua, suruali inaburuta. Nimeikunja.