Kuku Aliyekataa Kulia

Jumatatu, 3 Agosti 1970
Angèle ameondoka! Treni ya asubuhi, kwenda Mulungwishi kwa mama yake. Kisa ni kuku. Jana mezani, mbele ya jirani yetu Floribert, nilisema kuku wa mke wangu ni laini kama kitambaa kilicholowa. Nikasema mwaka jana, kwenye hoteli moja ya Lubumbashi, nilikula kuku ambaye ngozi yake inalia kra! menoni. Nikaongeza (ulimi huu!) kwamba mtu yeyote mwenye akili anaweza kumkaanga hivyo. Angèle aliweka kijiko chini. "Basi, upike weye. Dimanche nitakuya na mama. Kama kuku yako hailii, minye narudia kwetu mpaka Noël." Floribert alicheka hadi akakohoa.

Sawa. Nina hadi Jumapili. Mimi ni karani wa kiwanda cha shaba cha Shituru, napiga mashine kwa vidole kumi. Kuku atanishinda?

Nimechinja mmoja kati ya kuku watano wa Angèle. Nimejaza makaa kwenye jiko letu la mbabula, mafuta yametoa moshi, nimetupa vipande vyote kwa pamoja. Dakika chache tu: nje vyeusi ti, ndani damu. Nimekula ugali wetu, bukari, na chumvi tu.

Jumanne, 4 Agosti
Kazini sikutulia. Katika barua ya mkubwa nimeandika "tani mia mbili za mafuta" mahali pa shaba. Ameniita, ameniuliza kama niko na homa. Jioni harufu ya vitunguu vya Suzanne, mke wa Floribert, imeruka ua na kunijia puani. Floribert naye amechungulia, ameuliza kama kuku amelia. Nimemjibu kwamba analia kimoyomoyo. Ha! Baadaye nimeona jibu halikuwa zuri.

Jumatano, 5 Agosti
Siri nimeipata: unga! Kuku wa Lubumbashi alikuwa amevaa koti. Alfajiri nimechinja wa pili, nimempaka unga wa ngano na pilipili, nimemwacha kwenye beseni nije kumkaanga adhuhuri. Adhuhuri hatukuachiwa. Ofisi yote ilipelekwa barabarani kumpungia vibendera mkubwa mmoja wa chama. Masaa matatu juani. Hakupita. Nyumbani unga umekuwa uji. Nimekaanga hivyo hivyo. Koti limechomoka kama soksi, limebaki kwenye mafuta. Kuku ametoka uchi.

Alhamisi, 6 Agosti
Wa tatu. Leo rangi ya dhahabu! Kwa furaha nimetafuta karatasi ya kunyonya mafuta. Gazeti hakuna. Nimepasua mfuko mtupu wa simenti uliokuwa nyuma ya nyumba, nimepanga vipande juu yake. Nimeuma. Kra! Nimeruka. Nimeuma tena. Kra! Ya tatu ilikuwa jino langu. Kumbe vumbi la simenti lilibaki kwenye mikunjo, limeshikana na mafuta. Nimesukutua mara saba. Shavu limevimba, kesho kazini nitasema ni nyuki.

Natembea toka mlangoni hadi dirishani. Nyumba bila Angèle ina mwangwi. Sina shati lililopigwa pasi. Mpaka Krismasi! Miezi minne na zaidi!

Jumamosi, 8 Agosti
Hila mpya. Floribert alipoingia zamu, nimemfuata Suzanne. Nimemwomba akaange yeye, anipitishie sahani juu ya ua, nami niseme ni mkono wangu. Amekataa. Hawezi, amesema, kumdanganya mwanamke mwenzake, kunifundisha anaweza. Kausha nyama kwa kitambaa. Paka unga, ngoja ushike. Chovya kijiko cha mti kwenye mafuta. Kikizungukwa na mapovu madogo, tayari. Vipande vitatu kwa mara moja. Na usifunike kamwe, mvuke unaharibu kila kitu. Nimesimama, nimekaa, nimesimama. "Utulie, papa Casimir! Unazunguka sana, hata makala ya mbabula inachoka."

Nimeelewa yote. Nilikuwa karibu kuyagundua mwenyewe.

Jumapili, 9 Agosti
Wamefika! Mama mkwe ameketishwa ndani. Kwa heshima ya ukwe siwezi kumtazama akila, kwa hiyo nimebaki barazani, sikio ukutani.

Kuku wa nne. Nimekausha, nimepaka, nimengoja (nimezunguka nyumba mara kumi na moja). Vitatu vitatu. Nimeonja bawa: kra! Kra halisi, bila simenti! Machozi yamenitoka. Lakini mama mkwe, mtu wa misheni, alikuwa bado anaombea chakula, na wagonjwa wa Mulungwishi amewataja mmoja mmoja. Nikaogopa kuku atapoa. Nikamfunika kwa sahani. Juu ya sahani, taulo.

Amina. Angèle akapeleka ndani. Nikasikiliza.

Kimya.

Meno ya mke wangu nayajua, kra ningeisikia. Kimya. Nilikuwa tayari kubisha hodi na kuomba msamaha kupitia ukuta, ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe: "Angèle, uniongeze. Tangu meno yangu iling'oka, hii ndiyo kuku ya kwanza minye naweza kukula bila taabu."

Angèle ametoka. Amenitazama. Ametazama banda, kuku mmoja ndani yake. Ameuliza wengine wako wapi. Nimemwonyesha shavu langu. Alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda, akashika nguzo ya baraza.

"Nitabakia," amesema. "Nikienda tena, utamaliza na bata ya Suzanne."

Jumatatu, 10 Agosti
Nyumba imejaa. Shati lina pasi. Amani tele.

Nilipotoka kazini, Angèle alikuwa anamshonea mama yake gauni la sherehe ya Jumamosi. Nimemwambia mikono ya gauni imekaa kama gunia. Nimemwambia kushona si kazi, ni kufuata mstari tu. Karani hufuata mistari siku nzima. Kisha ameniwekea mkasi mkononi, amemchukua mama yake, wamekwenda sokoni.

Kitenge ni kimoja, hakuna kingine.

Naanza na mkono wa kushoto.