Mwanya na Pengo

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ya moyo. Nimeenda na shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu. Kosa la kwanza! Shemeji husikia kila kitu na hasahau chochote.

Daktari ametuonyesha picha ya mshipa wa damu uliopasuliwa. Ndani, ukutani, mafuta yameganda kama gundi ya zamani kwenye fremu ya kochi. Mimi ni fundi wa makochi, nimeelewa mara moja. Akasema watafiti wamekuta bakteria ndani ya mafuta yaliyoganda namna hiyo, wengine ni walewale wanaokaa kwenye ukoga wa meno. Hupenya kwenye fizi mbovu, wakaingia kwenye damu. Kama ndio wanaoanzisha ugonjwa, au wanakuta shughuli imeshaanza, wataalamu bado wanabishana. Nimeze dawa zangu kama kawaida, ila fizi zenye usaha nikazitibu.

Kisha akaniambia nifungue mdomo. Jino la mbele linacheza. La juu, kulia kwa mwanya.

Mwanya! Hapo ndipo moyo uliponidunda kweli.

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa meno. Ana mikono mikubwa kuliko mdomo wangu. Amelitikisa jino, amesema Jumamosi aling'oe. Nimemuuliza kama anaweza kuwafukuza bakteria akaniachia jino. Akasema wapangaji hufukuzwa kwenye nyumba, yangu imebaki mlango tu. Shemeji amecheka sana. Mimi sikuona kichekesho.

Hawajui. Siku marehemu mke wangu alipoleta kiti cha baba yake nikitengeneze, miaka hiyo, nilikuwa nimebana misumari midogo mdomoni, kama fundi yeyote wa kazi yangu. Nikamwambia karibu. Msumari mmoja ukachomoka kwenye mwanya, ukatumbukia kiatuni mwake. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti chenyewe, ambacho hakikuwa na springi. Alizama! Baadaye, kila tulipogombana, aliniambia nitabasamu kwanza ndipo anijibu. Alikuwa akiuangalia ule mwanya kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama mwenyewe yupo.

Daktari anataka kuondoka na dirisha. Hapati. Mpango upo.

Alhamisi, 6 Machi

Kuwaua bakteria wote kabla ya Jumamosi! Maji ya chumvi. Karafuu. Halafu, kwa kuwa sipendi kazi nusunusu, nikasukutua kwa spiriti ya kusafishia mbao. Nikaitema upesi, lakini ulimi ulikuwa umeshaniaga.

Mzee Breki amepita. Ni jirani yetu, dereva mstaafu, meno yake yote yapo na hucheka hata pasipo na kitu ili tuyaone. Akauliza ninapiga vanishi kitu gani leo, harufu imefika kwake. Nilikuwa nimefungua mdomo dirishani, naupepea.

Jino bado linacheza. Sasa linacheza na kuuma.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili, wa kifundi zaidi. Nimechukua uzi mweusi wa kushonea makochi, nikaupaka nta, nikalifunga jino bovu kwa jirani yake mzima. Fundo letu mafundi, lile lisilofumuka. Likatulia tuli!

Tatizo: uzi umekatiza katikati ya mwanya, mweusi tii. Suluhisho: nisifungue mdomo mpaka Jumapili.

Shemeji akaja na uji. Akanisalimu, nikaitikia kwa pua. Akauliza kulikoni, nikainua mkono mmoja tu, maana wa pili ulishika bakuli. Akapiga ukelele kwamba ni kiharusi. Mzee Breki akaleta gari, na kwenye matuta yote hakulikumbuka jina lake hata mara moja.

Hospitali wakanilaza. Daktari wa zamu akaniambia niinue mikono. Nikainua. Akaniambia nitabasamu. Nikatikisa kichwa. Akaniomba tena, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. Nikakaza midomo. Hapo wakaanza kukimbizana na mashine. Shemeji akanishika mguu.

"Shemeji, tabasamu tu," akasema. "Nimemzika dada. Sina nguvu ya kuzika mwingine."

Nikatabasamu.

Daktari akainama, akatazama, akauliza ni hospitali gani walikonishona vile.

Jumamosi, 8 Machi

Limeng'olewa. Ganzi, kishindo kidogo, basi. Usaha ulikuwa mwingi chini yake. Nimelia, daktari akadhani ganzi haijashika, akaniongezea.

Siku ya mazishi kila aliyesimama kuzungumza alisema mke wangu ameacha pengo. Nilichoka kulisikia neno hilo. Leo ninalo mdomoni. Ulimi unakwenda pale wenyewe, unapapasa, unarudi.

Njiani shemeji amenisimulia kwamba dada yake siku ile alirudi nyumbani na kiatu mkononi. Akawaambia amempata fundi anayetema misumari, na kwamba kiti cha baba hakitakuwa tayari mapema, kwa sababu yeye atakwenda kila siku kukiulizia, fundi asipate muda wa kukishona. Kuhusu mwanya hakusema kitu. Nimemwambia shemeji pengine alisahau kuutaja. Akasema pengine.

Nimemwahidi sitajitibu tena. Nimeapa kabisa, kwa mdomo uliojaa pamba.

Jumatano, 12 Machi

Kidonda kinafunga. Dawa za moyo nameza. Daktari wa meno amesema atanitengenezea jino la bandia, ila nisubiri miezi kadhaa, fizi ipone sawasawa.

Miezi! Na mimi nina mkebe mzima wa vifungo vya makochi!

Nimekipata kimoja cheupe, cha mfupa. Nimekisugua kwa tupa asubuhi nzima, nikakipunguza upande wa ndani ili mwanya upate nafasi yake. Huku si kujitibu. Huu ni ufundi. Gundi ya mbao, tone moja tu, kwenye jino la pembeni.

Nimejitazama kwenye kioo. Umerudi! Umepinda kidogo, lakini yeye angeutambua.

Hodi mlangoni. Sauti ya shemeji. Gundi haijakauka.

Nitaitikia kwa pua.