Tembe Tamu za Dokta Wekoye

Kevin Wekoye hakukosa matanga yoyote kati ya Misikhu na Ndalu, na wengi wa marehemu hao hakuwajua hata kwa sura. Alikwenda kwa ajili ya nyama. Siku hiyo, huko Ndalu, alikuwa ameshajipanga karibu na sufuria, suti yake ya kijivu imepigwa pasi ikakubali, alipoona jambo lililomfanya aisahau foleni. Ndivyo tulivyo kwetu: kilio hupanda langoni, kikapanda tena kaburini, lakini wali ukianza kupakuliwa hata mjane hufuta kamasi akauliza kama mchuzi umebaki. Sasa wali ulikuwa umepakuliwa, na msichana mmoja alikuwa bado analia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, sahani mapajani, machozi yakidondokea chakula, wala hakuonekana kulilia macho ya watu.

Wekoye akamdadisi mama aliyekuwa mbele yake kama huyo ni binti wa marehemu. Akaambiwa la, marehemu hata hamjui. Ni Ivy Nabwile, amekuja kusaidia kuosha vyombo, na hulia hivyo siku hizi hata akiona kuku akichinjwa. Mtu mwenye utu angeingiwa na huruma. Wekoye aliingiwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi barabarani.

Inafaa ieleweke kwamba bwana huyu hakuwa daktari wa chochote. Aliwahi kufagia duka moja la dawa, akafukuzwa kwa udokozi, akaondoka na koti jeupe kama kiinua mgongo. Tangu hapo alinunua vidonge vyeupe vya glukosi, vile wanavyolamba watoto wa shule, akavitia kwenye chupa zenye karatasi ya dhahabu na kuviuza sokoni kama tembe za furaha. Meza kimoja, huzuni inatoka papo hapo. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba watu walisikiliza, wakacheka, wakaenda kununua nyanya. Alikosa shahidi. Sasa shahidi alikuwa mbele yake, analowesha wali.

Alimfuata Ivy kwenye karai la vyombo, akajitambulisha kwa upole wa kasisi. Ivy akamweleza yake bila kuficha. Alikuwa ameanzishiwa dawa za ugonjwa wa huzuni katika kliniki moja ya Bungoma. Aliambiwa kuna kemikali kwenye ubongo zinazopitisha habari, na dawa inazifanya zikae kazini muda mrefu zaidi kabla ya kufyonzwa, ingawa daktari alikiri kwamba hata wao hawajajua yote. Hazifanyi kazi siku hiyo hiyo. Zinataka wiki kadhaa. Mwanzoni tumbo linaweza kuvurugika, usingizi ukatoroka, na kwa vijana mawazo mabaya yakazidi kwanza, kwa hiyo arudi mbio akiyaona. Asizichanganye na dawa nyingine bila kuuliza, na asiziache ghafla hata akijisikia mzima.

Katika maneno hayo yote Wekoye aliokota mawili tu, wiki kadhaa. Maana yake alikuwa na machozi ya kutosha kwa wiki kadhaa. Akampa kazi, na Ivy, aliyekuwa hana nauli ya kurudi kliniki, akaikubali.

Biashara ikachanua. Sokoni Misikhu Ivy alikaa katikati ya watu akilia machozi yake halali, Wekoye akambandika kidonge kwenye ulimi, na Ivy, kama walivyopatana, akainua uso akatabasamu. Akina mama waliguna. Wanaume walisogea kana kwamba wanapita tu. Huko Tongaren wakulima waliokuwa wamekwama na mahindi ghalani walinunua chupa mbili mbili. Fedha zote alizibeba Ivy ndani ya nguo, kwa sababu askari wa soko hampekui mwanamke anayelia. Wekoye alijipongeza sana kwa wazo hilo.

Balaa likaingia polepole. Wiki zikasonga, na dawa ya kweli, ile ya kliniki, ikaanza kazi yake. Ivy akaanza kulala. Akaanza kumaliza chakula. Asubuhi moja Wekoye alimkuta anaimba huku akifua, akashikwa na baridi. Sokoni siku hiyo machozi yalikataa kabisa. Alimsogezea kitunguu, akamkumbusha kifo cha mama yake. Ivy akafikiri kidogo.

"Alipumzika tu, Dokta," akasema. "Alikuwa ameteseka sana."

Na hapo hapo Kitale palikuwa na samaki mkubwa anayevuliwa. Wahome, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, alikuwa amesikia habari, akataka haki ya kuuza tembe hizo Trans Nzoia nzima. Alinuia kuwauzia wakulima kwa bei ya kukata na shoka, na nyingine awape wafanyakazi wake ili waache kudai mishahara. Alikuwa tayari kulipa sehemu kubwa kabla, mradi aone kwa macho yake mtu akitoka kilioni hadi kichekoni. Bila machozi ya Ivy hapakuwa na Kitale.

Wekoye akamshauri aache zile za kliniki, ati amepona. Ivy akakataa, alikatazwa kuziacha ghafla. Basi Wekoye akasubiri hadi Ivy ametoka kwenda kisimani, akamwaga tembe zake chooni, akajaza glukosi kwenye kichupa chake.

Siku chache baadaye kichwa cha Ivy kilianza kupigwa kama nyaya za stima zimegusana. Alipepesuka akisimama. Akaota ndoto za kutisha. Kilio kikarudi, kizito kuliko cha matanga ya Ndalu. Akauliza mbona dawa yake imekuwa tamu, zamani ilikuwa chungu. Wekoye akamjibu bila kupepesa jicho kwamba serikali imebadilisha kampuni. Jioni moja alimkuta amesimama darajani juu ya mto Kuywa, anayaangalia maji kwa muda mrefu, na unajua mjinga huyo aliwaza nini? Aliwaza kwamba pozi lile lingependeza sana mbele ya Wahome. Nimewasimulia matapeli wengi, na wengine niliwapenda. Huyu simpendi.

Kesho yake Ivy aliaga, ati anakwenda Bungoma kuchukua dawa. Alirudi bado analia, kimya zaidi, na Wekoye akafurahi kwamba hakuna kilichoharibika. Siku ya Kitale ilipokaribia, Ivy akasema bora yeye atangulie kwa dada yake anayekaa Kitale, akapumzike huko, wakutane dukani. Wekoye aliliona hilo kuwa jambo la busara. Msanii lazima apumzike.

Alifika Kitale na mifuko miwili ya chupa za dhahabu, koti jeupe likimkaa vizuri. Wahome alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Daktari. Sasa tumeshakuwa ndugu. Mama watoto alikuja jana."

"Mama watoto gani?"

"Si ni mke wako, Ivy. Alisema kuna mtu wa Webuye anakuja na pesa asubuhi, nikaona nisicheze. Nilimpa malipo yote. Alikuwa anacheka, bana, nikajua dawa ni ya ukweli." Wahome akajikuna shingo. "Alisema nikuambie ati kliniki wamemrudishia ile chungu, wanampandishia kipimo pole pole. Sikuelewa, lakini nimekuambia."

Wekoye alielewa. Akatoa simu akapiga; namba haikupatikana. Akakumbuka fedha za Misikhu, za Tongaren, za masoko yote, namna alivyozipanga mwenyewe ndani ya nguo za msichana yule na jinsi alivyojisifu. Akakaa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, na mbele ya wafanyakazi wote wa duka, Dokta Kevin Wekoye akaanza kulia kwa sauti.

Wahome akamtazama kwa heshima iliyozidi kupanda. Alidhani onyesho limeanza.

"Kumbe ni wewe mwenyewe unatuonyesha leo," akasema. "Jepkorir, funga mlango, mtu asiingie. Lete chai. Daktari aliniambia kwa simu, mtu akimeza, atacheka kabla chai haijapoa."

Jepkorir wa kaunta akaweka kikombe juu ya mzani. Wahome akafungua chupa ya dhahabu akamnyooshea kidonge. Wekoye akawaangalia vijana wa kupakia magunia, mikono yao, na mlango uliofungwa. Kusema kwamba ni glukosi hakuthubutu. Akameza. Akakaza uso, akavuta pumzi, akatoa sauti kama mbuzi aliyebanwa na kamba.

Wahome alisikiliza akiinamisha kichwa, kama fundi anayesikiliza injini.

"Hiyo si furaha, Daktari. Ongeza mbili."

Akaongeza mbili. Machozi yakatiririka zaidi, utamu ukamjaa mdomoni. Mvuke wa chai ukapungua, ukaisha. Wahome akagusa kikombe kwa kidole, akakunja uso, akavua saa yake akaiweka mezani.

"Jepkorir, pasha chai tena," akasema. "Na hizo chupa nyingine, zifungue zote."