Kiti cha Jikoni Mbele ya Nyumba Yangu

Chicago, upande wa kaskazini-magharibi,
Februari, siku moja kabla ya theluji nyingine.

Kwa Mheshimiwa Diwani Fiona Brannigan,
Ofisi ya Kata.

Mheshimiwa Diwani,

YAH: KUHAMISHWA KWA KITI CHA MWENDESHA BAISKELI BILA RIDHAA YAKE

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba mlango wa gari lako ulikubali kufunguka asubuhi ya leo. Mimi sijambo, ukiacha magoti, kiuno, na mahali pa kukalia ambapo kwa heshima yako sitapataja.

Jina langu ni Eugene Pawlak. Nimezaliwa katika kata hii, nimeoa katika kata hii, na kura yangu umekuwa ukiipata isipokuwa mwaka ule mmoja. Nafanya kazi mjini, kampuni ya bima, dawati la madai ya ajali za magari. Kazi yangu ni kusoma visa vya watu na kuwaeleza kwa adabu kwa nini hawatalipwa. Tangu Septemba naenda kazini kwa baiskeli. Daktari alinisikiliza moyo akatikisa kichwa, nami kwa hasira nikamuuzia shemeji yangu gari. Kisha, kwenye sherehe ya kumuaga mtu ofisini, nikiwa na kipande cha keki mkononi, nikatangaza kwamba nitaendesha baiskeli mwaka mzima, theluji iwepo isiwepo. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Ombi langu ni moja. Mbele ya nyumba yangu kuna nafasi ya kuegesha gari. Nimeizoa theluji kwa koleo langu na kuiwekea kiti ili mwingine asiegeshe hapo, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili zake katika jiji hili. Jirani yangu wa mkono wa kushoto, Bwana Arturo Salcedo, anakihamisha kiti hicho. Naomba aonywe kwa maandishi, nami nirudishiwe nafasi yangu. Ili uone uzito wa jambo hili, naeleza mateso yangu tangu mwanzo.

1. Njia ya baiskeli. Mheshimiwa, siku ulipoikatia utepe njia ile nilikuwepo, na nilipiga makofi. Ni njia nzuri sana hadi Novemba. Theluji ikianguka, greda la jiji husafisha barabara ya magari, na theluji yote hiyo hulazwa kwenye njia yetu. Wiki iliyopita rundo lilikuwa limenizidi kimo. Dereva wa greda, mtu mpole kabisa, aliteremsha kioo akaniambia, "Mzee wangu, hii theluji lazima niiweke mahali ambapo hakuna mtu." Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika baiskeli.

2. Wanaonipita. Nilidhani nikinunua suruali ya kubana nitakuwa na kasi. Suruali imebana, kasi haikuja. Kwenye daraja la mto alinipita mama mmoja aliyebeba watoto wawili na mfuko wa machungwa, na yule mtoto wa nyuma akageuka kunitia moyo. "Jikaze babu," akasema, "umeshakaribia kufika." Nikigeuka nyuma, kwangu nilikotoka bado palikuwa panaonekana. Naomba pale darajani pawekwe kibao cha kuwakataza watu wenye machungwa kupita wenzao.

3. Ofisini. Hatuna bafu. Nabadilishia nguo kwenye stoo ya karatasi, nikiwa na barafu kwenye masharubu, na nikitoka wenzangu huinamisha macho kama watu wanaoomboleza. Soksi zangu nilizianika juu ya mashine ya kunakili kwa sababu ndiyo kitu pekee chenye joto la kweli katika ghorofa ile. Meneja wetu, Bi. Denise, alinichukua pembeni akasema kampuni inanipenda lakini haizipendi soksi zangu. Kila Ijumaa wananiuliza kama bado naendesha. Nawajibu kwamba sijawahi kujisikia vizuri hivi, halafu naenda kujifungia chooni kunyoosha mguu.

4. Nyumbani. Baridi ya huku hugandisha mnyororo, hivyo baiskeli inalala jikoni. Imekaa mezani, mahali pa kiti changu, na kiti changu kiko nje kinalinda nafasi. Kwa hiyo nakula nimesimama. Mke wangu, Lorraine, kila jioni anakula ametazamana na usukani. Alivumilia siku za mwanzo. Halafu akaniuliza, "Gene, mimi nimeolewa na mwanamume au na karakana?" Wakati huo nilikuwa napaka grisi.

5. Sasa nakuja kwenye kiti. Mimi na wewe tumekulia hapa, Mheshimiwa, na hakuna haja ya kufundishana. Najua sheria haikitambui kiti. Lakini kila mtu anajua kwamba aliyezoa ndiye mwenye nafasi, na kwamba mkono unaogusa kiti cha mwenzake umevuka mpaka. Watu wamenuniana miaka kwa sababu ya kiti. Mimi nimezoa nafasi ile kila theluji inapoanguka, upana wa gari zima, urefu wa gari zima, hadi lami ikaonekana. Najua utauliza kwa nini mtu asiye na gari azoe nafasi ya gari. Nitakujibu kwa moyo mweupe. Asubuhi ya theluji wanaume wote wa mtaa huu wako nje na makoleo yao, wanasalimiana, wanalaumu jiji. Mwenye gari ana cha kuzoa. Asiye na gari anatazama dirishani na kikombe chake cha kahawa. Niliona uchungu kutazama dirishani, ndiyo maana nikatoka.

Basi Jumatatu moja narudi kazini, nakuta kiti kimehamishwa. Hakikutupwa, kimewekwa kwenye ngazi yangu, kimefutwa theluji, na juu yake kuna sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya foili. Ndani mna tamale za moto, chakula cha Kimeksiko cha unga wa mahindi wenye nyama ndani, bado zimo kwenye maganda yake ya mahindi. Jumatano yake vivyo hivyo. Ijumaa vivyo hivyo, na safari hii za pilipili. Nilizila zote, kama ushahidi.

6. Mtuhumiwa. Nilimfuata Bwana Salcedo mlangoni kwake nikiwa na helmeti kichwani, ili ajue nimekuja kirasmi. Lazima niseme ukweli kuhusu mtu huyu, maana bima imenifundisha kutaja kila kitu. Tumekuwa majirani tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Mwaka ule wa theluji kubwa, mgongo ukiwa umenilaza chali, alizoa gari lake, kisha akazoa langu, kisha akaweka viti viwili, cha kwake na cha kwangu. Sasa figo zake zimechoka. Mara tatu kwa wiki binti yake, Yolanda, humpeleka hospitali kusafishwa damu.

Hakukana. Alikuwa amejishikiza kwenye fremu ya mlango, amevaa makoti mawili ndani ya nyumba. "Kiti nimekisogeza mimi, jirani," akasema. "Yolanda akikosa pa kuegesha hapa anaegesha kule kona, na kona siku hizi siifikii. Nikitoka hospitali ndiyo kabisa, miguu si yangu. Sasa nisaidie kitu kimoja. Baiskeli yako inalala jikoni. Kile kiti kinamwekea nani nafasi?"

Nilimwambia kanuni ni kanuni. Nilisikia mwenyewe jinsi nilivyosema, kwa sauti ile ile ninayoitumia kwenye simu na watu waliogongwa. Akaniangalia kidogo, akasema nizirudishe sahani zake nikizimaliza, akafunga mlango taratibu. Nilipomsimulia Lorraine, aliweka uma chini. "Nyani haoni kundule," akasema, akaendelea kula akiutazama usukani.

7. Hoja yangu ya kisheria. Baiskeli ni chombo cha usafiri. Chombo cha usafiri kina haki ya kuegeshwa. Haki haipotei kwa sababu mwenyewe hajaitumia; mimi sijawahi kugombea udiwani, na bado haki hiyo ninayo. Kwa hiyo baiskeli yangu, ingawa kwa macho inaonekana jikoni, kisheria imeegeshwa mbele ya nyumba. Na kama imeegeshwa mbele ya nyumba, basi gari la Yolanda limekuwa likipanda juu yake mara tatu kwa wiki. Katika dawati langu hiyo inaitwa ajali. Nimejiandikia madai ya fidia. Kwa bahati mbaya mkaguzi wa madai hayo ni mimi mwenyewe, na kwa uaminifu wa kazi nimeyakataa. Nakata rufaa kwako.

Naomba basi ofisi yako itamke kwamba kiti cha mwenye baiskeli ni sawa na kiti cha mwenye gari. Kwamba nikiwa kazini kiti hicho kipewe askari wa kukilinda, au angalau koti. Na kwamba Bwana Salcedo aonywe. Kuhusu tamale, naomba zichunguzwe kama hongo. Uchunguzi huo usifanywe kwa haraka, na wakati unaendelea zisikatizwe.

Nisalimie karani wako yule mwenye kikohozi. Nisalimie dereva wa greda, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie mama yako, tulionana parokiani Ijumaa kwenye samaki wa Kwaresima, alinisifia suruali bila kujua ni ya nini. Lorraine anawasalimu nyote, na anaomba radhi mapema, hajasema kwa lipi.

Wako katika ujenzi wa kata, na mwenye kukaa kwa shida,

Eugene Pawlak

N.B. Barua hii ilikuwa imeshafungwa na kubandikwa stempu, na kuiandika upya ni kazi, kwa hiyo naongezea nyuma ya bahasha na kwenye hiki kipande cha karatasi.

Usiku theluji imeanguka tena. Asubuhi nimetoka na koleo langu, nikiwa nimejipanga kwa maneno makali, nikamkuta Bwana Salcedo ameketi kwenye kiti changu. Yale makoti mawili ameyavaa juu ya pajama, na koleo lake amelilaza magotini. Alikuwa akihema kiasi kwamba nilisubiri kabla ya kumsemesha. Nilidhani amekuja kuichukua nafasi. Mheshimiwa, nafasi ilikuwa imefunikwa yote, hakuigusa. Alichokuwa amezoa ni kijia chembamba, upana wa baiskeli tu, kutoka ngazi yangu hadi barabarani.

Nikamuuliza anafanya nini na hali aliyo nayo. "Leo kuna barafu chini yake," akasema. "Nikaona utaanguka, jirani."

Helmeti nilikuwa nimeivaa. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nasema hivyo bila kuipunguza. Nimempokea koleo, nimemwingiza jikoni kwangu, Lorraine amempa kahawa na kumkalisha kando ya baiskeli. Kisha nimezoa nafasi nzima kwa ajili ya Yolanda, upana wa gari na zaidi kidogo, mlango ufunguke vizuri. Kiti nimekirudisha katikati na kukifungia ubao wenye jina SALCEDO. Yolanda alipofika alinichukua nami, hospitali iko njia moja na kazi yangu. Ofisini nimeingia nimeshika helmeti mkononi, na walipouliza nikasema leo barabara zilikuwa nzuri.

Kwa hiyo watu wako wakipita mtaani kwetu, kile kiti wasikiguse. Kiko hapo kwa haki. Na akitokea mwendesha baiskeli mmoja mfupi, mwenye suruali ya kubana, akadai kwamba nafasi ile ni yake, msimsikilize. Namfahamu vizuri. Hana hata gari.